Fani ndogo ya biashara juu ya shahada ya kompyuta: nianze Agosti hii au niache?

Nile_Code

Habari zenu, wakubwa na wenzangu. Nasoma sayansi ya kompyuta kwenye chuo cha umma hapa Uganda, shahada ya miaka 3. Nimemaliza mwaka wa kwanza kwa uniti 40 na CGPA (wastani wa pointi za kozi zote) ya 4.45. Mratibu anasema mtaala wetu unaruhusu kuongeza fani ndogo ya biashara: kozi 6 za uniti 3 kila moja, jumla uniti 18, zinazofundishwa na shule ya biashara ya chuo hichohicho.

Lengo langu ni kutengeneza programu za SACCO na za maduka, kwa hiyo hesabu za fedha nazihitaji. Naomba kujua: nianze na kozi zipi na kwa mpangilio gani? Zitagusa vipi daraja langu, maana nalenga daraja la kwanza? Zinanisogeza karibu na CPA, ile sifa ya uhasibu wa kitaaluma, au hapana? Na mambo gani huharibika njiani ambayo siku ya usajili hakuna anayeyataja? Mjomba anayenilipia ada anataka nisome kompyuta peke yake, uhasibu uje baadaye. Nataka nimpelekee hesabu kamili, nisije nikamjibu kwa maneno matupu.

---

Karani_wa_Taaluma

Mdogo wangu, kabla ya kozi, anza na karatasi.

Kwetu programu ya shahada huidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE) jinsi ilivyoandikwa: kozi zake, uniti zake, na kama ina fani kuu na fani ndogo au haina. Hatufuati sana utaratibu wa Marekani ambako mwanafunzi hujichagulia fani ndogo akiwa tayari katikati ya safari. Shahada za BA na za ualimu ndizo zilizozoea kuunganisha masomo: mtu anaingia na masomo kadhaa, mbele anapunguza, moja linakuwa kuu na jingine dogo. Shahada kama kompyuta, uhandisi au uuguzi mara nyingi zina orodha iliyofungwa, na kozi chache tu za hiari. Kwa hiyo mratibu akikwambia "inaruhusiwa", mwombe kwa heshima akufungulie ukurasa wa hati ya mtaala iliyopitishwa na Seneti, uusome mwenyewe.

Kwenye ukurasa huo tafuta jina la fani ndogo na orodha ya kozi zinazohesabika, kisha tafuta kifungu cha kuhesabu kozi mara mbili. Hiki cha mwisho kinawashtua wengi. Shahada nyingi za sayansi tayari zina kozi ya ujasiriamali ndani yake. Kama kwenu ni ya lazima, huenda isihesabiwe tena upande wa fani ndogo, na uniti 18 ulizodhani zimebaki 15 zitabaki 18 palepale. Upande wa pili, kama kozi za hiari za shahada yako zinaweza kujazwa na kozi za biashara, mzigo unapungua sana. Mwenye nafasi tatu za hiari za uniti 3 anaongeza uniti 9 tu juu ya shahada yake, hana haja ya kuongeza 18.

Swali jingine la kuuliza kwa maandishi: itaandikwa wapi? Cheti cha shahada kwa kawaida hubeba jina la shahada na daraja. Fani ndogo, kama inaandikwa popote, huandikwa kwenye nakala ya matokeo. Kuna sehemu ambako haiandikwi kabisa, kozi zinaonekana moja moja tu kama kozi nyingine. Hapo una maarifa, lakini huna jina la kuweka kwenye wasifu wako. Amua mapema kama hilo linakutosha.

Na uliza hili, ambalo naliona kubwa kuliko yote: nikianguka kozi moja ya fani ndogo na muda umekwisha, naruhusiwa kuiacha fani hiyo na kuhitimu na shahada kuu peke yake? Jibu likiwa ndiyo, hatari yako ni ndogo. Likiwa hapana, kozi moja ya biashara inaweza kukuzuia kuvaa joho na wenzako. Jibu la mdomo halikusaidii chochote, kwa sababu mratibu wa leo anaweza kuhamishwa kabla hujamaliza.

Usajili wenyewe: fomu ya kuongeza kozi, sahihi ya mkuu wa idara yako, sahihi ya mkuu wa idara inayofundisha, nakala kwa Msajili wa Taaluma. Usiishie hapo. Ingia kwenye ACMIS au mfumo wowote ambao chuo chenu kinautumia, hakikisha kozi imeonekana chini ya namba yako ya usajili, chapisha ukurasa huo uuweke. Mwanafunzi anaweza kuhudhuria wiki 15 na kufanya mtihani wakati kozi haimo kwenye usajili wake, na alama zake zikakosa mahali pa kukaa.

Kwa wanaosoma uzi huu na wana mkopo wa HESFB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu: mkopo hutolewa kwa programu uliyoombea, hugharamia ada ya masomo, ada za huduma za chuo na za utafiti. Msidhani kozi za nyongeza zimo ndani yake. Waulizeni kwanza.

---

Mizania

Karani amesema vizuri kuhusu karatasi. Mimi niseme mpangilio, kwa sababu fani nyingi ndogo hufia hapo, na chanzo chake ni kalenda kuliko ugumu wa masomo.

Kozi nyingi za vyuo vyetu hutolewa mara moja kwa mwaka. Utangulizi wa uhasibu kwa kawaida hufundishwa muhula wa kwanza, ule unaoanza Agosti, pamoja na wanafunzi wapya wa biashara. Uhasibu wa gharama unaidai hiyo kwanza. Usimamizi wa fedha unazidai zote mbili, au angalau unafundishwa kana kwamba unazo. Sasa tazama hali yako: umebakiwa na mihula 4. Ukikosa utangulizi Agosti hii, utaupata Agosti ijayo ukiwa mwaka wa 3. Uhasibu wa gharama utaangukia muhula wako wa mwisho, na usimamizi wa fedha hautakuwa na muhula. Ndiyo maana ushauri wa "utaongeza baadaye" haufanyi kazi kwenye shahada ya miaka 3. Ni Agosti hii au usiongeze.

Ningepanga hivi. Mwaka wa 2 muhula wa kwanza: utangulizi wa uhasibu na misingi ya uchumi wa biashara. Muhula wa pili: uhasibu wa gharama na sheria ya biashara. Mwaka wa 3 muhula wa kwanza: usimamizi wa fedha na kodi. Muhula wa mwisho usiweke kitu, uachie mradi wako wa programu. Mbili, mbili, mbili, sifuri. Sababu ni kurudia: kozi uliyoanguka mwaka wa 2 ina nafasi ya kurudiwa mwaka wa 3 inapotolewa tena. Iliyoanguka mwaka wa 3 haina nafasi hiyo, utangoja mwaka mwingine. Kwa hiyo zile unazoziogopa zaidi ziwe mbele.

Wanafunzi wa kompyuta hawashindwi na kujumlisha. Kinachowasumbua kwenye utangulizi wa uhasibu ni marekebisho ya mwisho wa mwaka. Chukua duka la Arua lililolipa pango la miezi 12, shilingi 2,400,000, tarehe 1 Aprili, na mwaka wake wa hesabu unaishia 30 Juni. Miezi iliyotumika ni 3, basi gharama ya mwaka huo ni 600,000. Zile 1,800,000 zilizobaki ni malipo ya awali, zinakaa kwenye mizania kama mali ya muda mfupi. Anayetupa 2,400,000 zote kwenye gharama amepunguza faida kwa 1,800,000, na urari wake utalingana vilevile, debiti sawa na krediti. Mtu aliyezoea programu, ambayo ikikosewa inalia, anaona pande mbili zimelingana, anafunga daftari. Mtihani unampiga hapo. Fanya mazoezi ya malipo ya awali, madeni ambayo hayajalipwa na uchakavu mpaka yakutoke bila kufikiri. Ukiyashika hayo, mlango wa kozi nyingine umefunguka.

Kuhusu CPA nikueleze wazi ili mjomba asiuziwe ndoto. Taasisi ya wahasibu, ICPAU, iliyoanzishwa 1992, haisamehi mtu kwa sababu nakala yake imeandikwa "fani ndogo ya biashara". Msamaha hutolewa karatasi kwa karatasi, yaani mtihani mmoja mmoja, kwa kulinganisha ulichosoma na mtaala wao, na kila karatasi unayosamehewa unailipia. Kozi mbili za uhasibu na moja ya sheria zinaweza kukufaa kwenye ngazi za chini. Zaidi ya hapo utafanya mitihani kama wengine. Tunza muhtasari wa kila kozi, ile karatasi ya mada ambayo mwalimu hugawa wiki ya kwanza, kwa sababu jina la kozi peke yake halionyeshi ulisoma nini.

Na kama nia ni kuajiriwa kama mhasibu serikalini, achana na fani ndogo kabisa. Matangazo ya kamisheni za utumishi za wilaya kwa nafasi za uhasibu hutaja shahada yenyewe: biashara kwa mkondo wa uhasibu, uhasibu na fedha, au sifa za kitaaluma kama CPA. Shahada ya kompyuta yenye fani ndogo itawekwa kando wakati wa kuchuja, hata kama mwenyewe anajua kazi. Kwa lengo ulilolitaja wewe, la programu za SACCO, mambo ni tofauti, na mimi nasema ongeza.

---

Takwimu_Mbale

Nile_Code, hizi hapa hesabu za kumpelekea mjomba. Natumia mizani ya Makerere, ambayo vyuo vingi vinaifuata au vinaikaribia: A kuanzia alama 80 ni pointi 5.0, B+ kuanzia 75 ni 4.5, B kuanzia 70 ni 4.0, C+ kuanzia 65 ni 3.5, C kuanzia 60 ni 3.0. Kufaulu ni 50. Daraja la kwanza linaanza 4.40, la pili la juu 3.60.

Tuseme shahada yako ina uniti 120 na unabaki na 4.45 mpaka mwisho. Pointi zako ni 120 mara 4.45, yaani 534. Ongeza uniti 18 za biashara, jumla uniti 138.

Ukipata C+ kote: 18 mara 3.5 ni 63. 597 gawanya kwa 138 ni 4.33. Daraja la kwanza limekwenda.

Ukipata B kote: 72. 606 kwa 138 ni 4.39. Limekwenda pia, kwa kiasi kidogo mno, na B kote ni matokeo ambayo mzazi yeyote angeyafurahia.

Ukipata B tano na B+ moja: 73.5. 607.5 kwa 138 ni 4.402. Umebaki ndani.

Kwa hiyo mstari wako ni wastani wa takriban 4.07 kwenye kozi za biashara. Chini ya hapo fani ndogo inakuvuta. Juu ya 4.45 inakupandisha. Katikati inakupunguza kidogo bila kukuangusha. Kama uniti 9 zinaingia kwenye nafasi za hiari, jinsi Karani alivyosema, mzigo unapungua, ila mstari haushuki: hizo 9 zilikuwemo ndani ya 120 tangu mwanzo, jumla ni uniti 129, na mstari unakuwa takriban 4.09.

Usifanye hesabu hii mara moja ukaiacha. Baada ya matokeo ya kila muhula, chukua pointi ulizonazo, toa kutoka kwenye 607.2 (yaani 4.40 mara 138), gawanya kwa uniti zilizobaki. Ukiona wastani unaohitajika umepita 4.6 au 4.7 huku zimebaki kozi ngumu, acha fani ndogo wakati dirisha la kufuta kozi liko wazi. Kozi iliyofutwa kwa utaratibu haikuachii doa. Ile uliyoikimbia bila kuifuta inakuandikia kushindwa.

Kuna pia kozi ya kusikiliza tu: unahudhuria, hupewi uniti, na CGPA haiguswi. Mwenye hofu ya daraja lakini mwenye njaa ya maarifa anaweza kuchukua usimamizi wa fedha kwa njia hiyo. Fani ndogo haitakamilika, ila darasa utalipata.

Mzigo wa wiki nao uhesabu. Uniti 1 ni saa 15 za darasa kwa muhula, kozi ya uniti 3 ni saa 45, saa 3 kila wiki kwa wiki 15. Kozi mbili ni saa 6 za darasa, na angalau saa 6 nyingine za mazoezi, maana uhasibu hausomwi kwa macho. Saa 12 kwa wiki juu ya uniti zako 20. Kama maabara zako za programu zinakula jioni zote, sijui saa hizo utazitoa wapi. Mwambie mjomba hilo pia.

---

Nile_Code

Asanteni sana, hasa hesabu ya 4.07, hiyo naipeleka nyumbani leo.

Nimerudi kwenye mtaala. Nafasi za hiari ninazo tatu za uniti 3, na kozi za biashara zinaruhusiwa humo, kwa hiyo ninaongeza uniti 9 tu. Ukomo wa muhula kwetu ni uniti 21, ukizidi unaomba kibali. Vikwazo viwili vimebaki. Utangulizi wa uhasibu uko Jumanne saa nne asubuhi, saa ileile ya maabara ya hifadhidata. Kuna kundi la jioni la kozi hiyohiyo kuanzia saa kumi na moja. Naruhusiwa kwenda huko? Na je, kati ya kodi na masoko, ipi inafaa zaidi kwa mtu wa programu? Wenzangu wote wanachukua masoko kwa sababu inasemekana ni rahisi.

---

Dada_Hazina

Chukua kodi, mdogo wangu. Masoko utajifunza sokoni. Kodi ukiikosea ndani ya programu, mteja wako analipa faini.

Tazama kosa moja linalojirudia kwenye programu za maduka. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Uganda ni asilimia 18. Bidhaa imeuzwa shilingi 118,000, bei ikiwa na VAT ndani yake. Mtengeneza programu anachukua 118,000 mara asilimia 18, anapata 21,240, anaichapisha kwenye risiti. Sahihi ni 118,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 18,000. Tofauti ya 3,240 kwenye risiti moja, na mauzo ya mwezi yana mamia ya risiti. Tangu URA, mamlaka ya mapato, ilete EFRIS, mfumo wake wa risiti za kielektroniki, risiti zinaingia kwao moja kwa moja, kwa hiyo kosa la mstari mmoja wa kodi halibaki dukani. Darasa la kodi litakufundisha pia bidhaa zilizosamehewa na zile za asilimia sifuri. Kwenye risiti zinafanana, lakini anayeuza za asilimia sifuri anaweza kudai VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake na anayeuza zilizosamehewa hawezi. Hilo linaamua jinsi utakavyopanga jedwali la bidhaa kwenye hifadhidata. Mishahara nayo: mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na 10 kutoka kwa mwajiri, na ile 10 haikatwi kwenye mshahara wa mtu. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya hilo.

Upande wa SACCO, usimamizi wa fedha ndio utakaokuokoa. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo kila mwezi, mwanachama atalipa riba ya 288,000. Kama inahesabiwa juu ya salio linalopungua, naye anarudisha 100,000 ya mtaji kila mwezi, riba ni 24,000 mwezi wa kwanza, 22,000 wa pili, inashuka mpaka 2,000, jumla 156,000. Mkopo uleule, asilimia ileile, tofauti ya 132,000. Kamati ya SACCO ikikwambia "weka asilimia mbili", swali la kwanza unalopaswa kuwauliza ni: juu ya nini? Jibu liandikwe kwenye mkataba wa kazi kabla hujaandika mstari wowote. Kisha uulize mtu akilipa nusu ya rejesho, pesa inaanza kufuta riba, faini au mtaji. Haya hayafundishwi darasa la programu, na ndiyo yanayovunja programu nyingi za SACCO ambazo kwa upande wa kompyuta ziko vizuri kabisa.

Simkatalii Mizania, ila kwenye mpango wake mimi ningeondoa misingi ya uchumi, niweke mifumo ya taarifa za uhasibu, kama shule yenu ya biashara inayo na inahesabika. Uchumi ni mzuri kwa akili. Mifumo ya taarifa za uhasibu inakuonyesha jinsi daftari la wadai linavyounganishwa na daftari kuu, nani anaruhusiwa kuidhinisha na nani kuingiza, na kwa nini mtu mmoja asifanye vyote viwili. Wewe ndiye utakayegawa ruhusa hizo kwenye programu.

---

Mizania

Dada Hazina, nakubali, kwa sharti moja: aangalie kwamba kozi hiyo haidai utangulizi wa uhasibu kwanza. Ikiudai, ihamie muhula wa pili na sheria ya biashara ije mbele. Sheria haidai kitu kabla yake.

---

Karani_wa_Taaluma

Kuhusu kundi la jioni: mara nyingi inawezekana, lakini usiende kimyakimya. Kundi la jioni kwenye mfumo huwa na orodha yake, wakati mwingine na mwalimu wake. Ukikaa humo bila kuorodheshwa, kazi zako za darasani zitasahihishwa, alama zitaandikwa kwenye karatasi ya kundi hilo, na zikipakiwa jina lako halitapatikana. Baadaye unaambiwa alama hazipo. Wanafunzi wa nchi hii wanalijua neno hilo vizuri, na wengi wamekosa orodha ya mahafali kwa sababu yake tu.

Andika barua fupi ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara inayofundisha, kupitia mkuu wa idara yako. Iwe na jina, namba ya usajili, programu, namba na jina la kozi, na sababu: mgongano na maabara ya hifadhidata, Jumanne saa nne. Ambatanisha ratiba zote mbili, pigia mstari saa zinazogongana. Omba mambo mawili: kuhudhuria na kufanyiwa tathmini na kundi la jioni, na alama zako kupakiwa chini ya programu yako. Hilo la pili ndilo watu husahau kuliomba. Acha nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi na tarehe, nyingine baki nayo.

Mtihani wenyewe kwa kawaida hufanywa na makundi yote siku moja, lakini hakikisha ratiba ya mitihani haikugonganishi tena. Rasimu yake hubandikwa kabla ya ratiba ya mwisho, na wakati wa rasimu ndipo malalamiko yanapopokelewa kwa urahisi. Ndani ya chumba cha mtihani saini orodha ya waliohudhuria. Kama jina lako halijachapishwa humo, msimamizi aliandike kwa mkono nawe usaini mbele yake. Tunza kibali cha mtihani mpaka alama zionekane, na zisipoonekana wakati wenzako wamezipata, nenda wiki hiyohiyo. Mwalimu bado ana karatasi, na aliyekufundisha anakukumbuka. Baada ya mwaka vyote viwili ni vya kutafuta.

Uniti 21: una 20 za kawaida kwa muhula. Uliza kwanza kozi zako tatu za hiari ziko mihula ipi. Muhula wenye nafasi ya hiari, kozi ya biashara inaingia humo na mzigo unabaki 20. Muhula usio na nafasi, kozi moja ya nyongeza inakupeleka 23, na hapo kibali ni lazima. Omba kibali hicho kabla ya muhula kuanza, na ambatanisha matokeo yako ya mwaka wa kwanza. CGPA ya 4.45 ni hoja nzuri mbele ya kamati. Uliza pia mhasibu wa chuo kama uniti za ziada zinatozwa ada kivyake, upewe kiasi kwa maandishi. Mjomba asikutane na ankara ya ghafla Novemba.

---

Takwimu_Mbale

Jambo moja Karani hajaligusa. Kozi za biashara zina kazi za makundi, na kazi za darasani huwa asilimia 30 au 40 ya alama. Makundi huundwa WhatsApp wiki ya kwanza, mara nyingi kupitia kwa mwakilishi wa darasa. Wewe unayetoka kompyuta hutakuwemo kwenye orodha ya namba zao. Ukifika wiki ya tatu, makundi yamejaa, unapachikwa kwenye kundi la waliobaki ambao hawaji darasani, na kazi nzima inakuwa yako au inakuwa sifuri.

Siku ya kwanza ya darasa la jioni fika mapema, mtafute mwakilishi, mpe namba yako na umweleze unatoka programu gani. Jitolee kufanya majedwali ya Excel ya kundi. Watakupokea haraka, na wao wana ufundi wa kuandika ripoti ambao wewe utauhitaji. Hakikisha jina na namba yako ya usajili viko kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kazi kabla haijawasilishwa. Programu yako iandikwe kando ya jina, maana msahihishaji ana orodha ya wanafunzi wa biashara mbele yake na jina geni analiruka.

---

Nile_Code

Nimeelewa. Nafasi zangu za hiari ni moja muhula ujao, moja muhula wa pili, na moja mwaka wa 3 muhula wa kwanza, kwa hiyo nitahitaji kibali cha uniti 23 kwa mihula mitatu, kwa mpango wa mbili, mbili, mbili, sifuri. Mifumo ya taarifa za uhasibu kweli inadai utangulizi kwanza, nimeangalia, basi sheria inakuja mbele. Barua naiandika usiku huu, kesho asubuhi naipeleka idarani.

---

Karani_wa_Taaluma

Ipeleke na nakala tatu, mdogo wangu: moja idara yako, moja idara ya uhasibu, ya tatu igongwe mhuri ubaki nayo. Kibali cha 23 omba kwa barua nyingine. Ukichanganya maombi mawili kwenye barua moja, litajibiwa moja na la pili litasahaulika kwenye faili.